Chini ya Lambo Hakuna Mtu

Kama gazeti lako la wiki jana lilikwisha kufungia maandazi, sogea nikupe kwa kifupi. Sikiliza vizuri, maana huyu Shedrack ameniudhi na sina hamu ya kumsimulia mara mbili.

Eliaichi ni mjane wa marehemu Jesse, huko juu Machame. Shedrack ni mdogo wake Jesse, tumbo moja, ziwa moja. Alikwenda Holili kuhangaika na magari ya mahindi, akarudi na kitambi na hela, akanunua shamba la juu, akaliziba korongo kwa ukuta wa udongo. Likawa lambo lake binafsi, la kumwagilia maparachichi na kufugia samaki.

Mtaalamu wa mabwawa akaja kulikagua. Mabwawa yana madaraja yake ya usalama, ndugu msomaji, na daraja halitoki kwenye ukubwa wa ukuta peke yake. Linatoka kwenye swali moja: siku ukuta ukipasuka, maji yatamkuta nani? Mtaalamu aliuliza kama chini kuna watu. Shedrack akajibu, na Eliaichi alikuwa anapita na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani akasikia kila neno.

"Chini hakuna mtu. Kuna migomba na kaburi."

Kaburi lenyewe la nani? La Jesse, kaka yake wa damu, aliyezikwa kihambani kwake, kwenye shamba la migomba alilorithi, kama wanavyozikwa wenzake wote huko.

Basi lambo likapewa daraja la chini kabisa. Lambo la daraja hilo halisumbuliwi. Mkaguzi haji mara kwa mara, na utoro wake, ule mfereji wa pembeni wa kupitishia maji yanayozidi, hata ukiwa mwembamba hakuna wa kumkemea mwenye mali. Masika iliyofuata maji yakauzidi utoro, yakamwagikia upande mmoja wa korongo, yakalichukua kaburi. Yaliondoka na msalaba, na sanduku, na Jesse mwenyewe. Eliaichi alitafuta kwenye matope mpaka kucha zikang'oka, akaambulia kipande cha ubao.

Na Shedrack hakusema pole. Alisema bahati nzuri hakuna aliyeumia.

Wiki jana tulimwacha mjane akiapa. Hakwenda polisi wala kwa mwenyekiti wa kijiji. Aliifunga nyumba yake ya matofali kule juu mgongoni mwa kilima, akashuka, akajenga kibanda cha mabati chini ya lambo, palepale kaburi lilipokuwa. Akahamia yeye na ng'ombe wake. Watu wakasema uchungu umemchanganya akili. Thubutu. Akili zake zilikuwa zimetulia kuliko za wote waliomcheka.

Halafu akampigia simu mtaalamu, akamwambia aje kuhesabu upya.

Mtaalamu anaitwa Godbless, kijana mpole kutoka Moshi mjini. Alipofika alimkuta Eliaichi ameinama anakamua. Akaamkia, akatazama kibanda, akageuka akautazama ukuta wa lambo uliosimama juu ya bati lile.

"Mama, unaishi hapa?"

"Naishi, nalala, napika. Kama una njaa, kiburu kipo jikoni."

Shedrack alishuka anahema. Alianza kwa upole, shemeji huku na shemeji kule, una nyumba nzuri juu, unatafuta nini kwenye unyevu huu na kifua chako. Eliaichi alimjibu bila kuinua uso kwenye chuchu za ng'ombe.

"Nilitaka kukaa karibu na mume wangu. Sasa sijui ulimpeleka wapi."

Hapo upole ukaisha. Shedrack alimgeukia Godbless, akasema huyu mwanamke amejenga kwa chuki, lambo lilitangulia, kibanda kimekuja juzi, na sheria haiwezi kumwadhibu aliyetangulia. Godbless alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia mambo ya nani alitangulia ayapeleke kijijini, yeye kazi yake ni maji, na maji hayaulizi nani alitangulia. Mtu mmoja akilala chini ya ukuta kama ule, inatosha. Lambo linatoka daraja la chini kabisa na kwenda la juu kabisa, bila kupitia katikati.

Eliaichi alisikia raha mwilini. Nitakuficha ya nini? Alisikia raha kama mtu aliyekunywa mbege baridi baada ya kulima.

Na daraja la juu lina mambo yake. Godbless alizunguka lambo lote, Shedrack akimfuata nyuma na uso umekunjamana. Maji yapunguzwe mpaka nusu kabla ya masika. Utoro upanuliwe. Halafu akaiona miparachichi. Shedrack, kwa uroho wake wa kutotaka kupoteza hata kipande cha udongo, alikuwa amepanda miparachichi mgongoni mwa ukuta wenyewe, na ilikuwa imeshika vizuri. Godbless akasema yote ikatwe, mizizi inatoboa njia ndani ya ukuta. Ila visiki viachwe vilivyo. Kukata ni sawa, kung'oa marufuku mpaka maji yapungue, kwa kuwa kila kisiki kinachong'oka kinaacha shimo.

Shedrack alitia ufunguo kwenye pikapu yake akaondoka bila kuaga. Kwa hiyo lililofuata hakulisikia. Msomaji, likumbuke hili.

Chini ya ukuta, karibu na banda la ng'ombe, palikuwa na sehemu yenye majimaji siku zote. Godbless alichuchumaa pale, akachota kwa kiganja, akamwonyesha Eliaichi.

"Ukuta wa udongo lazima uvujishe kidogo, mama. Yakiwa maangavu hivi, usiwe na wasiwasi. Siku ukiona yanatoka na udongo, ujue ukuta unaliwa kwa ndani. Usibebe hata sufuria. Toka, na umwambie mwenye lambo afungulie koki ya bomba la chini upesi. Akiwahi, ukuta unapona."

Eliaichi akaitikia. Akayaweka maneno yale moyoni.

Habari za daraja, pamoja na lile neno la Shedrack, zikapanda mlima na kushuka. Jumapili baada ya ibada watu walizisimulia uani kwa kanisa mpaka zikamfikia mama mkwe, Bibi Ndelilio, mama yao Jesse na Shedrack. Bibi huyu alikuwa anaishi kwa Shedrack, kwenye nyumba ya vigae, na runinga imekaa ukutani. Hakujua kamwe kwamba mwanawe alitamka vile. Alikuwa ameambiwa kaburi lilichukuliwa na mvua ya Mungu.

Kesho yake alishuka korongoni kwa fimbo, na kifurushi chake cha nguo mgongoni. Eliaichi alimpokea, akamwamkia, akamuuliza kulikoni.

"Nimekuja kukaa," Bibi Ndelilio akasema. "Kama maji ya Shedrack hayajashiba, yamalizie kwa aliyemzaa."

Eliaichi alimkumbatia mama mkwe wake wakalia pamoja. Lakini mimi sisimulii nusu nusu. Alipokuwa analia, upande mwingine wa moyo wake ulikuwa unapiga makofi. Sasa Shedrack ana mama yake mzazi chini ya lambo lake. Alale usingizi tuone.

Shedrack hakulala. Alishuka kumbembeleza mama yake, akaahidi kumtengenezea chumba kingine, kumnunulia godoro jipya, kumpeleka hospitali ya Moshi mguu wake ukatazamwe. Bibi alimsikiliza akiwa amekaa kwenye kigoda, anamenya ndizi. Alipomaliza kumenya akainua macho.

"Jesse si mtu? Basi mimi nilizaa nini?"

Shedrack akageuka. Akapanda juu kichwa chini. Alikuwa bado hajasema pole.

Mtu mwenye aibu na kiburi kwa wakati mmoja ni hatari kuliko mlevi. Watu walipoanza kumnong'ona, Shedrack aliamua kuwaziba midomo kwa kufanya alichoagizwa, lakini kwa namna yake. Maji hakupunguza, kwa sababu samaki walikuwa hawajafikia kuvuliwa. Utoro akasema ataupanua kiangazi. Miparachichi ndiyo aliitolea hasira. Alileta trekta kutoka Sanya Juu, wakaikata siku moja, na visiki wakavifunga minyororo, wakaving'oa kimoja kimoja. Mashimo wakayafukia kwa koleo, wakakanyaga kwa buti, wakaenda kula nyama.

Eliaichi alikuwa chini anatazama. Kila kisiki kilipotoka alilikumbuka neno la Godbless, marufuku. Alifungua mdomo amwite shemeji yake amkumbushe. Halafu akaufunga. Akachukua ndoo ya maziwa akaingia ndani.

Mtenda akitendewa hudhani kaonewa, wahenga walisema. Eliaichi alikuwa anangoja siku Shedrack aonewe.

Masika ikaanza, na ilianza kwa fujo. Lambo lilijaa mpaka maji yakawa yanalamba mdomo wa utoro.

Asubuhi ya siku ninayokusimulia, mvua ilikatika kidogo. Eliaichi akachukua mundu akakate majani. Alipofika pale kwenye majimaji alisimama. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Aliinama akachota kwa kiganja. Akasugua kwa kidole, akasikia chenga za udongo. Aliinua macho juu ya ukuta, mahali palipokuwa na kisiki cha mparachichi mkubwa kuliko yote, akaona udongo umebonyea.

Sasa hapo ndipo ninapotaka umtazame vizuri mwanamke huyu. Simu alikuwa nayo kwenye mfuko wa sweta. Namba ya Shedrack alikuwa nayo. Maneno ya kusema yalikuwa machache: fungulia koki. Ingemchukua muda wa kumeza mate tu, na lambo lingepona, na samaki, na mashine ya maji, na maparachichi, na kitambi cha mwenye mali.

Akaliwaza hilo. Halafu akawaza la pili. Ukuta ukienda, kutoka pale kibandani kushuka hadi msituni ni korongo tupu, na njia ya miguu iliyokuwa inapita humo ilifungwa tangu kaburi lichukuliwe. Hakuna nyumba, hakuna shamba la mtu. Akiondoka yeye, akamwondoa mama mkwe, akamwondoa ng'ombe, maji hayatamkuta yeyote. Yatamkuta Shedrack mfukoni.

"Safari hii utakuwa umesema kweli, shemeji," alisema peke yake. "Chini hapatakuwa na mtu."

Alirudi kibandani anatembea taratibu. Alimwambia mama mkwe wamtembelee Gladness, binti yake na Jesse, kule Pasua, Moshi mjini, wakaangalie na dawa ya magoti. Bibi alifurahi, alikuwa amemkumbuka mjukuu. Ng'ombe alipelekwa kwa jirani mgongoni. Jirani akauliza kulikoni, Eliaichi akasema kibanda kinavuja. Na kweli hakusema uongo, kulikuwa na kinachovuja.

Walipopita juu karibu na nyumba ya vigae, pikapu ilikuwa uani. Shedrack alikuwa ndani. Eliaichi aliipita nyumba ile macho mbele, amemshika mama mkwe mkono, na alipita na siri ile kifuani bila kuyumba.

Pasua jua lilikuwa linawaka. Gladness ana genge lake la nyanya na vitunguu mbele ya nyumba anayopanga, akawapokea kwa vigelegele, akawapikia. Eliaichi alikula akaongeza. Gladness akasema siku nyingi hajamwona mama yake anakula hivyo, akamuuliza kuna nini kizuri. Mama yake akasema hewa ya mjini.

Kiti alikichagua mwenyewe, kinachotazama mlima. Mlima haukuonekana. Huko juu kulikuwa na wingu jeusi limekaa, na alilitazama lile wingu kama mtu anayengoja mgeni. Alikuwa amejiandaa hata namna ya kupokea habari. Angeshika kichwa, angesema jamani, pole yake shemeji, bahati nzuri hakuna aliyeumia.

Alasiri simu ya Bibi Ndelilio ikaita. Ni simu ndogo ya tochi, ananing'iniza shingoni kwa kamba, na kwa kuwa masikio yamechoka, sauti yake imewekwa ya juu. Bibi, aliyekuwa amejilaza kwenye mkeka, aliitazama, akaivua, akampa mkwewe apokee, akafumba macho tena. Gladness alikuwa mbele anampimia mteja vitunguu.

"Mama?" Ilikuwa sauti ya Shedrack. Nyuma yake ilisikika mvua inapiga bati.

"Ni mimi," Eliaichi akasema. "Mama amepumzika."

"Shemeji. Afadhali ni wewe. Mko wapi? Nimekuja kwako nimekuta pamefungwa."

Eliaichi aliigandamiza simu sikioni. Akauliza kwangu wapi.

"Huku chini. Kibandani. Nimeleta sale, na beberu. Nimekaa mlangoni."

Wewe usiye wa huko nikueleze. Sale ni mmea wa majani marefu tunaopanda mipakani na makaburini. Mtu akikukosea kosa zito, akakuletea jani la sale mlangoni kwako, huna ruhusa ya kumfukuza. Lakini na yeye ana kifungo chake. Aliyekaa mlangoni na sale hainuki mpaka mwenye mlango arudi amjibu. Akiinuka kabla, toba yake ni kazi bure, na hairudiwi. Mvua inyeshe, giza liingie, anakaa.

"Shemeji, unanisikia? Nilisema chini hakuna mtu. Nilisema nikijua amelala nani pale. Kihamba alipewa Jesse kwa ukubwa wake, na mdogo wetu kitinda mimba akapewa chake, mimi wa katikati nikaambiwa nikatafute maisha. Nilikuwa na uchungu nao. Hata alipokufa haukuisha." Mvua ikazidi kupiga bati. "Jesse alikuwa mtu. Alinibeba mgongoni kuvuka mto, nilipokuwa naogopa. Nimekuja kusema hivyo mlangoni kwako, na sibanduki mpaka urudi."

Maneno yale Eliaichi aliyalilia mwaka mzima. Alikuwa anadhani siku atakapoyasikia moyo utatua. Haukutua. Yalimkasirisha upya, kwa kuwa yalikuwa mazuri, na kwa kuwa yalikuwa yamechelewa. Kwa nini hakuyasema wakati yeye anachimba matope kwa kucha? Kwa nini leo?

Alitaka kumuuliza hilo. 

"Mvua ni kubwa huku," Shedrack akaendelea, na sasa sauti yake ilikuwa nyepesi, sauti ya mtu aliyeshusha mzigo. "Haya maji ya chini ya ukuta yamefika mpaka bandani, mekundu kabisa. Sijui yametokea wapi. Ila usihangaike kukimbia, shemeji, njooni taratibu na Mama. Mimi nipo."

Simu ikakatika. Huko korongoni mtandao huwa unakuja na kuondoka.

Eliaichi alibaki ameishika. Neno lilikuwa palepale lilipokuwa asubuhi, fungulia koki, na sasa kulikuwa na jingine fupi zaidi: ondoka. Gladness mbele alikuwa anacheka na mteja. Juu ya mlima lile wingu lilikuwa limeshuka zaidi.

Bibi Ndelilio alikuwa ameamka kwenye mkeka. Alikaa, akafunga khanga vizuri, akamtazama mkwewe usoni kwa muda.

"Nimesikia kama sauti ya Shedrack. Na mvua. Yuko kule chini?"

Eliaichi akameza mate.

"Hapana, Mama," akasema. "Chini hakuna mtu."

Simu ikaanza kuita tena mkononi mwake. Bibi Ndelilio akanyoosha mkono, aipokee mwenyewe.